Kutoka petroli kwenda umeme: hukumu ya mkataba, betri na kuchaji kwa ndugu zetu wa Moshi na milimani

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ukitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa mjini Moshi na kusimama kidogo na vijana wa bodaboda, utasikia kwamba mazungumzo yamebadilika. Zamani yalikuwa ya spea na trafiki. Sasa ni betri. Mmoja ameona pikipiki ya umeme ikimpita kimya kama baiskeli, mwingine amepigiwa simu na wakala anayempa chombo kwa mkataba, wa tatu anasema vitu hivyo ni vya Dar es Salaam kwenye tambarare, huku mlimani vitashindwa. Katikati ya mabishano hayo hujitokeza maswali ya dini: je, mkataba huu una riba? Naweza kuchaji msikitini? Wapo hata wanaouliza kama petroli sasa imekuwa haramu. Tumeona tuyakusanye majibu mahali pamoja ili ndugu zetu wapate pa kurejea.

Jibu letu la jumla tunalitanguliza. Chombo chenyewe hakina tatizo. Tatizo likiwepo, mara nyingi limo kwenye karatasi anayoisaini dereva kabla ya kupewa ufunguo.

Chombo chenyewe

Asili ya vitu na ya miamala ni kuruhusika mpaka ije dalili ya kukataza. Hili analijua hata mwanafunzi wa madrasa. Aya ya 8 ya Suratun-Nahl inataja wanyama wa kupandwa, kisha inagusia kuumbwa vitu ambavyo watu wa wakati ule hawakuvijua, na wanazuoni wa zama zetu wengi wameingiza humo treni, gari na ndege. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wazee wakaipanda wakaenda zao. Hakuna sababu ya kuufanyia umeme mtihani ambao moto wa kuni na petroli havikufanyiwa.

Wapo waliokwenda upande wa pili wakasema kuendesha gari la petroli ni dhambi, kwa kuwa moshi wake unayeyusha barafu ya Kibo. Barafu imepungua kweli. Watafiti waliolinganisha hali ya mwaka 1912 na ya mwaka 2007 walikuta asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu limetoweka. Lakini sababu zinazotajwa ni kupata joto kwa dunia nzima na kupungua kwa unyevu na theluji juu ya mlima, na mchango wa magari ya Afrika Mashariki katika joto hilo ni mdogo sana ukilinganisha na wa mataifa ya viwanda. Kumtwisha dereva wa Noah ya Himo dhambi ya barafu ya Kibo ni kumdhulumu.

Linalomhusu dereva huyo ni moshi wa karibu. Anayejua kwamba injini yake inatoa moshi mweusi, akaiacha inguruma mbele ya soko la Mbuyuni huku akina mama wanaouza ndizi wakikohoa, na fundi yupo na uwezo wa kutengeneza anao, huyo ameingia katika kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana. Dawa yake ni kutengeneza injini. Si lazima anunue chombo kipya.

Baadhi ya nchi jirani zimeamua kwa sheria. Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024, na Rwanda ikaamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa biashara ya abiria Kigali ziwe za umeme. Tanzania haijaweka katazo la namna hiyo. Mwislamu wa Moshi bado ana hiari, na mwenye hiari ana wajibu wa kupima.

Mlima una hesabu yake

Tunaingia kwenye hesabu kidogo kwa sababu fatwa juu ya biashara usiyoijua ni hatari, na kwa sababu tumesikia ahadi zikitolewa huku chini ambazo mlima hauzikubali.

Bei kikomo ya petroli hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mwaka 2022 lita ilivuka shilingi 3,000. Tuchukue bei hiyo ya 3,000 kwa mfano. Bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku hutumia kama lita mbili na nusu, yaani shilingi 7,500. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huo huhitaji takriban uniti 4. Daraja la T1 la TANESCO ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na ukiziweka inafika kama 356. Uniti 4 ni chini ya shilingi 1,500. Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayowavuta vijana.

Ila kuna mambo ambayo wakala hayasemi. La kwanza: aliye nyumbani kwenye daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kwa kuwa daraja hilo limewekwa kwa ajili ya watumiaji wadogo. Kuchaji pikipiki kila siku ni uniti 120 hivi kwa mwezi peke yake. Atatoka kwenye daraja hilo, na taa za nyumba nzima zitapanda bei. Kijana anayechaji kwenye Luku ya mama yake alijue hilo na amwambie mama yake mapema.

La pili ni mwinuko. Moshi mjini iko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari, na geti la Marangu liko karibu mita 1,850. Ni kilomita 40 hivi za barabara na mita 1,000 za kupanda. Pikipiki, dereva na abiria mmoja kwa pamoja ni kama kilo 260. Kuuinua uzito huo mita 1,000 kunakula karibu uniti moja ya umeme kwa ajili ya kupanda tu, ukihesabu na unaopotea kwenye mota, kisha ongeza uniti moja na zaidi ya mwendo wa kawaida. Betri ya uniti 2 inaweza kukuacha njiani na abiria wako. Ya uniti 3 itafika. Kilomita zilizoandikwa kwenye tangazo zimepimwa kwenye barabara tambarare, na anayeiuzia Kibosho, Machame au Rombo chombo kwa namba hizo huku akijua haziwezekani anaficha aibu ya bidhaa. Mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Kuteremka ni habari nyingine, na hapo mlima unampendelea mwenye umeme. Wafanyabiashara wa ndizi hupanda wepesi na kushuka na mikungu. Chombo chenye mfumo wa breki unaorudisha umeme kwenye betri hupata sehemu ya nguvu hiyo kikiwa kinashuka. Lakini betri iliyojazwa kabisa huko juu haina pa kuweka umeme huo, breki inabaki kufanya kazi yote peke yake na kupata moto. Anayechaji Marangu asijaze hadi juu kabla ya kushuka. Kuhifadhi nafsi za abiria ni katika makusudio ya sheria.

Je, umeme wenyewe upo? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo nchi haina upungufu wa uzalishaji kama wa zamani. Shida ya kaskazini ni umbali. Machi 2025, akiwa Same, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba umeme mwingi hupotea njiani ukisafirishwa hadi kanda hii, na hiyo ndiyo sababu aliyoitoa ya mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Gesi asilia, ambayo Dar es Salaam imekuwa njia ya kati kwa madereva wa teksi na bajaji, haina bomba lililofika Kilimanjaro. Huku kwetu ushindani ni wa petroli na umeme tu, na umeme hukatika. Anayetegemea chombo kwa riziki ya siku asiiuze pikipiki ya zamani kabla hajajua siku ya giza atafanya nini.

Mkataba wa chombo

Hapa ndipo penye maswali mengi na machozi mengi.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Tajiri anampa kijana pikipiki. Kijana analeta hesabu kila siku, kwa mfano shilingi 10,000, kwa mwaka au zaidi. Akimaliza, pikipiki inakuwa yake. Akishindwa, hata kama amebakiza wiki tatu, tajiri anachukua pikipiki na fedha zote zilizolipwa zinabaki kwake. Kampuni na mawakala wa vyombo vya umeme wameuchukua utaratibu huo huo na kuongeza kifaa cha kuzima chombo kwa mbali, dereva akichelewa kulipa.

Tunauliza: hizo 10,000 za kila siku ni nini? Ni bei ya kununua au ni kodi? Ukimuuliza tajiri pikipiki inapoharibika, anasema ni yako, tengeneza. Ukimuuliza unapochelewa, anasema ni yangu, lete ufunguo. Chombo hakiwezi kuwa cha watu wawili kwa namna hiyo, kila mmoja akibeba hasara ya upande unaompendeza tajiri.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilijadili jambo hili kwenye kikao chake cha 12 mjini Riyadh mwaka 2000, katika azimio namba 110 juu ya ukodishaji unaoishia kwenye umiliki. Lilikataza sura ambayo kodi inageuka yenyewe kuwa bei ya kununulia bila mkataba mpya. Likaruhusu ukodishaji wa kweli, ambao unaambatana na ahadi au hiba iliyo katika mkataba wake mbali, kwamba kodi yote ikilipwa chombo kitakuwa cha mpangaji. Sharti zito ni kwamba muda wote wa ukodishaji dhamana ya chombo iko kwa mwenye mali. Kikiungua, kikiibiwa au mota ikifa bila ya dereva kuzembea wala kuvuka mipaka, hasara ni ya mwenye chombo. Bima, ikiwepo, ni juu yake. Dereva ni mwenye kuaminiwa.

Njia ya pili ni kuuza kwa mkopo waziwazi. Azimio namba 51 la baraza hilo hilo, la mwaka 1990, linaruhusu bei ya mkopo izidi bei ya taslimu, mradi wakubaliane bei moja kabla ya kuachana. Pikipiki ya umeme ya milioni 4 taslimu inaweza kuuzwa milioni 5 kwa mwaka. Hakuna riba hapo. Riba inaingia pale mkataba unaposema anayechelewa ataongezewa. Nyongeza hiyo ni riba hata ikiitwa faini, tozo ya usumbufu au gharama ya mfumo. Na katika mauzo haya chombo ni cha dereva tangu siku ya kwanza. Muuzaji anaweza kukishika kama rahani, na dereva akishindwa kabisa kitauzwa, muuzaji achukue deni lake, kinachobaki arudishiwe dereva. Kuchukua chombo pamoja na milioni 4 na nusu zilizokwisha kulipwa ni kula mali ya watu kwa batili.

Kuhusu kuzima chombo kwa mbali: katika ukodishaji, mwenye mali anaweza kusitisha huduma kodi isipolipwa, kama ilivyoandikwa na kama dereva ameonywa. Lakini tunaona haijuzu kukizima kikiwa barabarani na abiria, au usiku kwenye mteremko wa Machame. Madhara hayaondolewi kwa madhara makubwa zaidi. Kisimamishwe kikiwa kimeegeshwa.

Tukiri kwamba si matajiri wote waovu. Wapo waliotapeliwa na vijana waliokimbia na chombo hadi Tarakea na kuvuka mpaka. Mkataba sahihi unamlinda na tajiri pia, kwani mbele ya kadhi au mahakama karatasi iliyo wazi ina nguvu kuliko ile inayojipinga yenyewe.

Anayetaka kupitia benki, zipo zenye miamala ya Kiislamu nchini, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, na dirisha la Al Barakah la CRDB. Jina la Kiarabu mlangoni halitoshi. Katika murabaha, uliza kama benki imekinunua chombo na kukimiliki kabla ya kukuuzia. Jibu likiwa wanakupa fedha ukanunue mwenyewe kisha urudishe na ziada, huo ni mkopo wa riba.

Betri ya kubadilishana

Katika mfumo huu dereva ananunua pikipiki bila betri. Betri ni ya kampuni. Ikiisha anaiacha kituoni na kuchukua iliyojaa. Kwa milimani una faida, kwani betri ni sehemu ya gharama kubwa na ndiyo inayochoka kwanza.

Kifiqhi ni ukodishaji wa betri pamoja na ununuzi wa umeme uliomo. Unajuzu bei ikijulikana. Utata unaingia pale bei ni moja kwa kila kubadilisha, bila kuangalia dereva amerudisha betri yenye kiasi gani. Aliyerudisha yenye robo amelipia umeme ambao hakuutumia, na aliyepewa betri iliyozeeka amelipia uliojaa akapata pungufu. Kiasi kidogo cha utata husamehewa katika miamala, lakini hapa tofauti inaweza kufika theluthi ya mapato ya siku ya mtu maskini. Ni bora mno, na vifaa vya kupimia vipo, walipe kwa uniti zilizotumika. Mwenye kituo ambaye anajua betri fulani imechoka na anaendelea kuwapa wageni kutoka Uru au Rombo kwa kuwa hawamjui, huyo ni mghushi.

Umeme wa msikiti

Swali lilikuja kutoka kwa mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja wa mjini: kijana muadhini ameanza kuchaji pikipiki yake kwenye soketi ya ukumbi, wengine wawili wamemfuata, na Luku inaisha kabla ya wakati.

Umeme wa msikiti umenunuliwa kwa sadaka za watu waliokusudia taa, vipaza sauti, feni na maji ya udhu. Ni mali iliyofungwa kwa lengo lake. Msafiri au aliye katika itikafu kuchaji simu ni jambo dogo ambalo kwa kawaida watoaji hulikubali. Pikipiki ni kitu kingine: uniti 3 kwa siku ni zaidi ya shilingi 1,000, kwa mwezi ni zaidi ya 30,000 kwa mtu mmoja, tena kwa chombo cha biashara. Haijuzu. Aliyekwisha fanya hivyo bila kujua akadirie na arudishe kwenye mfuko wa msikiti, hata kidogo kidogo.

Muadhini yule tusimwache hivi hivi. Ikiwa kamati inataka kumsaidia kwa kuwa anahudumia msikiti bila ujira, impangie posho kutoka mfuko ulioruhusiwa kwa hilo, na yeye anunue umeme wake. Hali yake njema isipitie mlango wa nyuma wa waqfu.

Njia iliyo nzuri zaidi tunayoipendekeza ni kamati kufunga mita tofauti upande wa maduka ya waqfu, kuchaji kwa bei inayojulikana, na faida kuingia msikitini. Au mwenye uwezo aweke paneli za jua na betri zake kwa nia mahususi ya kuchajia vyombo vya wahitaji. Sayyidna Uthman (radhi za Allah ziwe juu yake) alinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu maji, na katika mji ambao riziki za vijana zinategemea chaji, hatuoni waqfu huu ukiwa mbali na ule.

Betri inapokufa, na ilikotoka

Bajaji nyingi za bei nafuu hutumia betri za risasi na asidi, na ni lazima tuseme juu yake. Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za aina hiyo kiliingiza sumu ya risasi kwenye udongo na damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Anayevunja betri nyuma ya nyumba Pasua au Njoro ili auze risasi, na asidi ikaingia kwenye mfereji unaokwenda mashambani, ni mwenye kudhamini madhara yatakayotokea. Muuzaji aulizwe kabla ya kununua: utaipokea betri hii ikichoka?

Betri za lithiamu nazo zina swali lake. Baadhi yake zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, ambako mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo. Dereva wa Moshi asiyejua asili ya betri yake hana dhambi. Anayeweza kuchagua, zipo betri za lithiamu na chuma zisizo na kobalti kabisa, na pikipiki nyingi za umeme huzitumia. Petroli nayo haikutoka mahali pasafi; waulizeni watu wa Delta ya Niger.

Anayeuza chombo chake cha zamani

Limebaki hili, maana kila anayehama ana pikipiki au Noah ya kuuza. Inajuzu kumuuzia mwingine chombo cha petroli, na hakuna haja ya kuona aibu. Lakini injini inayokula oili itajwe, gia inayoruka itajwe, na kilomita zisirudishwe nyuma. Na anayemuuzia kijana wa kijijini kwa mkataba wa hesabu ya kila siku, arudi kusoma sehemu ya mkataba hapo juu, kwani hukumu yake ni ile ile, iwe ni petroli au umeme.

Wallahu a'lam.